Kuigiza futuhi ya Wilde chuoni: ya kujua kabla ya mazoezi ya kwanza

Wahusika wa The Importance of Being Earnest hawajui kwamba wanachekesha. Ukilishika hilo kabla ya mazoezi ya kwanza, mengi yatakuwa rahisi. Algernon anapogombania vitafunio, kwake ni jambo zito. Lady Bracknell anapomhoji Jack kuhusu mapato na wazazi wake, anataka majibu kwelikweli, na penseli yake iandike kweli kwenye daftari. Mwigizaji anayeikonyeza hadhira au kutembea kwa madaha ya kupindukia atapata kicheko cha kwanza. Cha pili kitakuwa hafifu, na kufikia sehemu ya tatu watu watakuwa kwenye simu zao.

Tamthilia hii ya Oscar Wilde ilionyeshwa kwanza London tarehe 14 Februari 1895, na inakifaa kikundi cha chuo: wahusika tisa wenye majina, wanaume watano na wanawake wanne, na hakuna haki za kulipia. Wilde alifariki 1900, na sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Tafsiri mpya ya Kiswahili ni jambo jingine: mfasiri ana haki zake, mwombeni ruhusa kwa maandishi. Hakikisheni pia kwamba nyote mmepakua toleo moja. Wilde aliandika sehemu nne kabla ya kuzipunguza kuwa tatu, na matoleo yote mawili yanasambaa.

Tengeni wiki sita, mazoezi manne kwa wiki, na mkae mbali na wiki za majaribio. Wiki ya kwanza yote ni ya kuketi mezani na skripti. Kwa Wilde, mzaha hukaa kwenye neno la mwisho la sentensi au lile lililo kabla yake, na wengi wetu tuna mazoea ya kushusha sauti tukikaribia nukta. Kila mmoja azungushie duara neno linalobeba mzaha. Kisha mwenzake akae kiti cha nyuma kabisa na kuinua mkono kila neno hilo linapopotea. Sentensi moja, pumzi moja. Msiige lafudhi ya Kiingereza cha filamu, kwani anayehangaika na lafudhi humeza konsonanti za mwisho, na mzaha unamezwa nazo. Kiingereza cha Nairobi kilichotamkwa sawasawa kinatosha kabisa.

Mkisimama jukwaani, sheria ni moja: mzaha ukisemwa, hakuna anayesogea. Tembea kabla ya sentensi au baada yake. Jicho la mtazamaji hufuata kitu kinachosogea, na mwenzako akirekebisha kofia wakati wako, watu wataitazama kofia. Hadhira ikicheka, usisubiri ukimya. Kicheko hupanda, hufika kileleni, kisha huanza kushuka, ingia kinaposhuka. Ukisubiri kiishe, mchezo unapoa. Ukiingia kikiwa juu, sentensi yako inazama, na watu hujizuia kucheka tena wasije wakakosa maneno.

Kufikia wiki ya tatu, hakuna atakayecheka mazoezini kwa sababu nyote mmeshazoea. Hapo ndipo waigizaji wapya huanza kuongeza vituko. Mwelekezi avikatae vyote bila huruma. Wiki moja kabla ya onyesho, waiteni wanafunzi kumi au kumi na watano ambao hawajawahi kuuona mchezo huu, kisha meneja wa jukwaa aweke alama kwenye skripti kila wanapocheka.

Sasa chakula, kwa maana hapa ndipo maonyesho mengi ya chuo huharibika. Katika sehemu ya kwanza Algernon anakula sandwichi zote za matango alizomwandalia shangazi yake, Lady Bracknell, huku akimkataza Jack asiziguse. Lazima ziwe zimeisha kabla shangazi hajaziulizia. Kateni matango membamba, yatieni chumvi kidogo, yaacheni kwenye chujio dakika 15, kisha yakausheni kwa kitambaa. Pakeni siagi pande zote mbili za ndani ili mkate usilowe, ondoeni kingo, na kateni vipande vya kumalizwa kwa tonge moja. Vipande vitano au sita vinatosha. Kwenye skripti, Algernon aandike neno ambalo anauma na neno ambalo awe amekwisha kumeza. Asipofanya hivyo, usiku wa onyesho atajikuta na mkate mdomoni wakati ni zamu yake kusema. Mazoezi ya kula kwa kujifanya hayasaidii. Tumieni mkate halisi kuanzia wiki ya tatu.

Sahani ikishakuwa tupu, mtumishi Lane anaeleza kwamba hakukuwa na matango sokoni asubuhi hiyo, na alikwenda mara mbili. Hadhira inayolijua soko la Marikiti la Nairobi itacheka bila kusaidiwa. Lane auseme uongo huo kwa utulivu wa mtumishi mwaminifu.

Mwishoni mwa sehemu ya pili Jack na Algernon wanagombea mafini. Msinunue zile tamu za supermaketi, kwa sababu zinamomonyoka na kukausha koo. Skonzi ndogo laini, zilizopasuliwa na kupakwa siagi, zinafaa zaidi.

Lakini kitovu cha mchezo wote ni chai ya Cecily na Gwendolen. Wamegundua kwamba kila mmoja anadai kuwa mchumba wa Ernest, jina la uongo ambalo Jack amelitumia kwa Gwendolen na Algernon kwa Cecily. Mara mtumishi Merriman anaingia kuandaa chai, na mbele yake hawawezi kutukanana. Gwendolen anakataa sukari, Cecily anamtilia vipande vinne. Anaomba mkate na siagi, anakatiwa kipande kikubwa cha keki. Mtu yeyote aliyekulia kwetu amewahi kumwona mwenye nyumba akimkaribisha mgeni aliyemuudhi: chai inaletwa, "karibu" inasemwa, na kila aliye sebuleni anajua. Igizeni hivyohivyo. Kadiri hasira inavyopanda, ndivyo adabu na tabasamu vizidi. Akipayuka mmoja wao mapema, tukio lote limekufa.

Chai iwe vuguvugu, na isizidi nusu kikombe, kwani mkono wenye hasira huimwaga. Sukari iwe ya vipande, ichukuliwe kwa koleo ndogo, kimoja kimoja, kila kimoja kisikike kikianguka. Vikombe vya plastiki havitoi sauti hiyo, kwa hiyo tafuteni vya udongo. Keki iwe imekatwa mapema na kurudishwa pamoja, ili kisu kisiisambaratishe.

Kabla ya hapo kuna kicheko kikubwa kisichohitaji neno lolote: Jack anaingia na nguo za msiba kuomboleza ndugu wa kubuni, Ernest, ilhali hadhira inajua kwamba "ndugu" huyo, yaani Algernon anayejifanya Ernest, yumo nyumbani. Aingie kutoka nyuma kabisa ya jukwaa, polepole, na wengine wakae kimya hadi aonekane na wote.

Maleba mengi yatapatikana kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi, Nairobi, mkienda mapema asubuhi. Wanawake wafanye mazoezi na sketi ndefu tangu wiki ya pili, hata kama ni leso mbili zilizoshonwa pamoja, wajifunze kuketi bila kutazama kiti nyuma yao. Mkoba aliowekwa Jack akiwa mtoto uwe wa ngozi nyeusi, wenye mishikio, na wa kuweza kumbeba mtoto mchanga. Hadhira ikiona kipochi cha harusini, haitaamini kitu. Neno maarufu la Lady Bracknell kuhusu mkoba huo, "A handbag?", lisemwe kama swali la mtu aliyeshtuka. Yule anayemwiga Edith Evans, aliyemwigiza Lady Bracknell katika filamu ya 1952, hushindwa kila mara.

Ukumbi wenye paa la mabati msiutumie Aprili wala Novemba, kwani mvua itameza maneno. Anzeni saa kumi na moja na nusu jioni ili watu wapate matatu za kurudi. Wekeni taa za betri jukwaani, na kila mmoja ajue atasimama wapi stima ikipotea.

Usiku wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza, kwa sababu waigizaji huja wakidai vicheko vya jana. Saa kumi jioni ketini wote, msome mchezo mzima kwa kasi bila kuigiza, na mrudie mara mbili majibizano ya chai na ya skonzi.