Viinitete vizuri, lakini mimba haishiki

SWALI: Daktari, nina miaka 36. Nimepandikizwa viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa maabara, mara 2. Kila mara naambiwa ni vizuri, na kila mara mimba haishiki. Utrasaundi imeonyesha fibroidi, uvimbe wa misuli ya kizazi, ya sentimita 5 upande wa nje wa kizazi. Ndugu wananihimiza niitoe kabla ya kujaribu tena. Miaka 3 iliyopita mimba iliharibika nikasafishwa kizazi, na tangu hapo hedhi huja siku 1 tu, tena kidogo. Je, nifanyiwe upasuaji?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonirudisha si fibroidi. Ni hiyo hedhi ya siku 1.

Kwa fibroidi, mahali ilipo huwa na uzito kuliko ukubwa wake. Iliyochomoza ndani ya kizazi, hata ikiwa ndogo, huweza kuzuia kiinitete kujishikiza. Iliyo nje kabisa kwa kawaida haigusi pale kinapokaa. Ukiikata kwa ajili ya mimba tu, utabaki na kidonda na miezi ya kungoja kipone.

Kusafishwa kizazi ndiko kunakonitia wasiwasi. Ukuta wa ndani ukikwanguliwa hadi lile tabaka la chini linalouotesha upya kila mwezi, pande mbili zenye jeraha hugusana na kushikana kwa makovu. Hedhi hupungua, na kwa wengine hukatika kabisa. Kiinitete hata kiwe kizuri vipi, hapo hakina pa kujizika. Na utrasaundi ya kawaida huweza kuyapita makovu hayo bila kuyaona.

Muulize daktari wako ukuta huo wa ndani ulikuwa na unene gani siku ya kupandikizwa. Wengi wetu hutaka ufike walau milimita 7. Kisha omba histeroskopia: kamera nyembamba hupitishwa kwenye mlango wa kizazi, tumbo halipasuliwi. Makovu yakionekana hukatwa kwa njia hiyohiyo, na baadaye hukaguliwa tena kwa sababu huweza kurudi. Mirija ya uzazi nayo itazamwe. Mrija uliojaa maji huyavujisha ndani ya kizazi na kuharibu kazi yote, hata kama kiinitete hakikupitia humo.

Kama una viinitete vilivyogandishwa, viache. Havizeeki huko viliko. Usikubali kupandikizwa mara ya 3 kabla mtu hajaangalia ndani kwa macho yake. Ukipata majibu, niandikie. Nitayangoja.