Kadi ya grafiki ya nje kwenye kompyuta ndogo: angalia tundu kwanza

Mkuu, umeuliza kama kompyuta yako ndogo yenye USB4 itaweza gemu nzito ukiiongezea kadi ya grafiki ya nje kwa doki (kifaa cha kushikilia kadi nje ya kompyuta). Itaweza, ila hakikisha kwanza tundu hilo linapitisha PCIe (njia ya data ambayo kadi ya grafiki hutumia), maana si kila USB4 inafanya hivyo.

Mimi ningechagua OCuLink, tundu na waya wa kupeleka PCIe moja kwa moja nje ya mashine. Thunderbolt 4, tundu la jamii ya USB4, ina gigabiti 40 kwa sekunde, lakini kadi hupata kama 32 tu. OCuLink ya PCIe 4.0 yenye njia nne inafika karibu 64. Mashine isiyo na tundu hilo ila ina nafasi ya pili ya M.2 ya NVMe (pale ndani panapochomekwa SSD), adapta zipo. Utafungua kava na kupitisha waya nje. Usichomeke wala kuchomoa OCuLink mashine ikiwa inawaka, tafadhali. Zima kabisa kwanza, unaweza kuunguza vitu vya hela nyingi.

Skrini ichomeke kwenye kadi yenyewe. Ukiiacha kwenye kompyuta, picha inarudi kwa njia ileile inayopeleka data na fremu zinashuka. Wengi wanailaumu kadi bure kwa sababu hii.

Doki nyingi za bei nafuu huja bila pawa saplai. Kadi ya RTX 3060 peke yake inakula wati 170, hivyo usinunue pawa saplai ya kubahatisha.

Prosesa yako ni ipi, na RAM ni GB ngapi? Prosesa ikiwa dhaifu, kadi kubwa itakaa inaisubiri.