Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, futeni hilo jedwali la ishara

Wiki hii nimepitia insha kumi na moja za Lord of the Flies, riwaya ya William Golding kuhusu wavulana wa Kiingereza waliokwama kisiwani bila mtu mzima. Tisa zinaanza na jedwali: ganda la kome, ambalo anayelishika ndiye mwenye zamu ya kusema, ni demokrasia, miwani ya Piggy, wanayowashia moto kwa jua, ni sayansi, Simon ni Yesu, Jack ni udikteta. Desa, yaani zile notsi za kunakiliana, ni lile lile, hata kosa la tahajia kwenye jina la Jack Merridew mmerithishana. Nawapenda, lakini jamani!

1. Someni kitabu. Chote. Wasifu wa Golding unatosha mstari mmoja: alipigana vitani katika jeshi la majini la Uingereza, akafundisha wavulana mjini Salisbury, akatoa riwaya hii 1954.

2. Ishara huzeeka. Sura ya pili tu, Piggy akiwa amelishika ganda mkononi, Jack anamwambia kule mlimani halihesabiki. Sura ya kumi kina Jack wanamvamia usiku Piggy na Ralph, kiongozi aliyechaguliwa na wavulana, na Piggy anadhani wamefuata ganda. Wamebeba miwani, ganda wameliacha pale pale. Kitu ambacho hata mwizi hakitaki! Ninyi mnasubiri lipasuke sura ya 11 ndipo muandike kwamba demokrasia imekufa.

3. Miwani. Hapa mimi niliumbuka.

Mwaka wangu wa kwanza niliwasilisha mada kwenye semina, shati nimelipiga pasi mwenyewe, sauti nimeipandisha kama mgombea ubunge: "Miwani ya Piggy ni ishara ya usahihi wa kisayansi." Mhadhiri akauliza Piggy anaumwa nini macho. Nikasema haoni. Haoni nini? Nikachungulia desa, halikusema. Akavua miwani yake, akanipa pamoja na kipande cha gazeti. "Mimi na Piggy ugonjwa wetu mmoja, vya mbali hatuvioni. Nenda nje ukatuwashie moto."

Saa saba mchana. Nikachuchumaa uani. Nikaisogeza miwani, nikaisogeza tena, nikaigeuza. Darasa zima liko dirishani, mmoja ananishauri nipulize. Kitone cha mwanga hakikutokea. Gazetini kulikuwa na kivuli cha miwani basi. Kumbe lenzi ya asiyeona mbali hutawanya miale. Inayoikusanya hadi kuunguza ni ile ya asiyeona karibu, ile ya babu ya kusomea gazeti. Golding mwenyewe aliteleza, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya utelezi wake nikihubiri usahihi.

Nilirudi ndani nimelowa jasho, nikidhani yameisha. Akauliza, kwa upole uliouma kuliko kicheko: "Sasa, kwa kuwa moto ule hauwaki, ishara nayo imekufa?"

Nilikaa kimya mpaka kipindi kikaisha. Jibu lilinijia muhula uliofuata, niliposoma upya nikifuatilia miwani iko mikononi mwa nani. Mara ya kwanza Jack anampokonya Piggy usoni bila kuomba, na moto ule wa kuitia meli unapotea na mtoto mwenye alama usoni, ambaye hakuna aliyejua hata jina lake. Moto wa mwisho umewashwa kumfukuza Ralph mafichoni ili auawe, na huo ndio unaomleta afisa wa jeshi la majini. Kwenye jedwali lako huo unauweka safu ipi?

4. Roger, mfuasi wa Jack, asiachwe. Sura ya nne anamrushia mtoto mdogo Henry mawe na kumkosa kwa makusudi; anayeachia jabali linalomuua Piggy ni yeye, si Jack. Insha saba zimemsingizia Jack.

5. Majina. Ralph na Jack wametoka kwenye The Coral Island ya Ballantyne, riwaya ya zamani ambamo wavulana wa Kiingereza kisiwani wanabaki waungwana, na yule afisa anaitaja riwaya hiyo mwishoni. Kinaya hicho kina alama za bure. Ila Piggy hatajwi kwa jina lake halisi popote, hakuna anayejali kumuuliza. Sasa wewe uliyeandika kwamba anaitwa Peter, njoo ofisini kesho na kitabu chako, unionyeshe ukurasa.