Nasturtiamu yangu ina majani tele lakini haichanui: nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Ninaishi Lushoto. Miezi mitatu iliyopita nilipanda mbegu za nasturtiamu kwenye tuta nililolitia mbolea ya kuku kwa wingi, kando ya kabichi na maharage, kwa kuwa niliambiwa kwamba mmea huo hufukuza wadudu. Majani yamekuwa makubwa kama visahani, lakini sijaona hata ua moja, na ncha za mashina zimejaa wadudu mafuta weusi. Nimekosea wapi? Na je, ni kweli kwamba mmea huu huliwa?

JIBU: Marahaba. Jibu la sehemu ya kwanza umelitaja mwenyewe: ni ile mbolea ya kuku. Nasturtiamu asili yake ni milima ya Andes, huko Peru na nchi jirani, na huchanua vizuri zaidi katika udongo wa wastani au hata ulio hafifu, mradi tu usituamishe maji. Mbolea ya kuku kwa kawaida ina naitrojeni nyingi kuliko samadi ya ng'ombe, na naitrojeni ikizidi, mmea huendelea kutoa majani na mashina badala ya kuanza kuchanua. Mbegu iliyopandwa mahali penye jua kwa kawaida hutoa maua baada ya wiki 8 hadi 10, kwa hiyo miezi mitatu bila hata tumba moja, katika hali ya hewa ya ubaridi kama ya kwenu ambayo mmea huu huipenda, ni dalili ya shibe, si ya ugonjwa. Angalia pia kama tuta hilo limefunikwa na kivuli cha migomba au cha ukuta, kwa sababu nasturtiamu isiyopata jua la saa sita hivi kwa siku hutoa maua machache hata kama udongo unaifaa.

Nakushauri usiing'oe na kuihamisha, kwani mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Shina lake, kwa upande mwingine, huota mizizi kwa urahisi sana. Kata vipande vyenye urefu wa kama sentimita 10 kutoka kwenye mashina yasiyo na wadudu, ondoa majani ya chini, viweke ndani ya glasi ya maji mpaka vitoe mizizi, kisha vipande mahali ambapo hukutia mbolea yoyote. Ukipendelea kuanza upya na mbegu, ziloweke usiku kucha na kuzifukia kina cha sentimita 2 papo hapo zitakapokulia, kwa nafasi ya sentimita 30. Kwa kawaida huchipua baada ya siku 7 hadi 14. Tuta la sasa liache bila kuliongezea kitu, na huenda mimea hiyo hiyo ikachanua baada ya mvua kuichuja naitrojeni iliyozidi.

Kuhusu wadudu, ulichoambiwa kina ukweli nusu. Nasturtiamu haiwafukuzi wadudu mafuta weusi bali huwavuta, na ndiyo maana baadhi ya wakulima huipanda kama mtego. Tatizo ni kwamba wadudu hao weusi hushambulia maharage pia, ilhali wadudu mafuta wa kijivu wanaoharibu kabichi ni wa aina nyingine, na hawataiacha kabichi yako kwa ajili ya ua. Viwavi wa kabichi nao huweza kuihamia nasturtiamu, maana mimea hii miwili ina undugu wa mbali. Mtego usiokaguliwa hugeuka kuwa kitalu cha wadudu. Kwa hiyo kata ncha zilizoshambuliwa na uziteketeze, zilizobaki zipige kwa maji yenye nguvu, na rudia kila baada ya siku mbili au tatu. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye mashina, jua kwamba wanafuata utamu unaotolewa na wadudu hao na kwamba huwalinda dhidi ya maadui zao. Usitumie kabisa dawa ya kunyunyizia ikiwa unakusudia kula mmea huo.

Nami ningependa uule, kwa sababu majani yale machanga unayoyalalamikia ni mboga nzuri. Majani, maua na mbegu mbichi zote huliwa, na ukali wake unakaribiana na ule wa figili au haradali; jina lenyewe husemekana kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya kupinda pua. Ukali huo hutokea jani linapotafunwa, pale kemikali mbili zilizokuwa zimetengwa katika seli zinapokutana, na moto huupunguza sana. Kwa hiyo usiyachemshe kama mchicha: yakate membamba na kuyachanganya na kachumbari wakati wa kuandaa chakula, ukianza na majani matatu au manne mpaka familia iyazoee. Maua ni mapole zaidi, na yana tone la asali katika mkia ulio nyuma yake, ambamo sisimizi hupenda kujificha, hivyo yakague kwanza.

Mimea ikishachanua, kila ua hufuatwa na mbegu tatu zilizoshikamana. Zichume zingali kijani na ngumu, ziloweke katika maji ya chumvi kwa siku mbili ukiyabadilisha maji mara moja, zisuuze, kisha zitie katika chupa safi na uzifunike kwa siki iliyochemshwa pamoja na chumvi kidogo na punje za pilipili manga. Baada ya wiki tatu hivi zitafaa kuliwa pamoja na samaki wa kukaanga au viazi. Zile zitakazokupita zikaanguka chini zitaota zenyewe, tena kwa wingi. Ng'oa zilizozidi, na mabaki usiyatupe ukingoni mwa msitu, kwa sababu Usambara tayari ina mimea ya kigeni iliyotoroka bustanini na kuingia msituni.