Maswali Yenu: Mshubiri unaolainika majani

SWALI: Nina mshubiri sebuleni, kwenye chungu cha plastiki. Huumwagilia kikombe kimoja kila asubuhi. Tangu Juni majani ya chini yamelainika kama yaliyochemshwa na shina linanuka. Niongeze maji au mbolea?
Mama Wawili, Umoja

JIBU: Mama Wawili, usiongeze chochote. Mshubiri wenye kiu hukunjamana majani na kuyafanya membamba. Yakiwa teketeke hadi unaona mwanga ukipenya, mizizi imeoza kwa maji. Juni hadi Agosti Nairobi ni baridi na mawingu, udongo haukauki, na kikombe chako kimebaki kile kile.

Ung'oe leo. Pukuta udongo wote, pangusa kisu kwa spiriti, kisha kata mizizi myeusi. Kama shina nalo limeguswa, likate kidogo kidogo kwenda juu hadi ndani kusiwe na doa la kahawia. Ukiacha hata tone, uozo utapanda. Halafu uanike kivulini siku tano, mpaka kidonda kikauke kama gamba. Hapa ndipo wengi hukosa subira, kisha lawama zinamwendea muuza miche.

Changanya makopo mawili ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa na kopo moja la udongo mwekundu. Ule mweusi wa huko kwenu, unaoganda kwenye viatu mvua ikinyesha, usiuguse. Chungu cha udongo wa kuchoma ni bora, kiwe na tundu chini, na kisizidi upana wa mizizi kwa zaidi ya vidole viwili.

Wiki ya kwanza usimwagilie. Baadaye chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini: kikitoka na udongo umeng'ang'ania, ngoja. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke tunduni, na yaliyotuama kwenye kisahani uyamwage. Msimu wa baridi huenda ukakaa wiki tatu bila kumwagilia.

Dirisha nalo lina msimu. Juni na Julai jua letu hupita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini. Hamisha chungu.

SWALI: Nimepanda jani la mshubiri mara tatu, linaoza tu. Nakosea wapi?
Kijana wa Kasarani

JIBU: Hata la nne litaoza. Jani la mshubiri lina maji mengi na ni nadra sana litoe mche. Ngoja watoto wanaochipua kando ya mama. Mmoja akifika sentimita 10 na ana mizizi yake, mtenganishe, umwanike siku mbili, upande.