Presha ya mapafu haionekani kwenye kipimo cha mkononi

Pole kwa kuuguza, dada. Unashangaa mama ana presha ya mapafu ilhali mkononi anasoma 120/80. Mashine ile haifiki huko. Inapima mishipa ya mwili, si inayopeleka damu mapafuni. Makundi ya presha ya mapafu, kulingana na chanzo, ni 5. Linaloongoza ni la 2: moyo upande wa kushoto umechoka au valvu mbovu, damu inarudi nyuma. Mengine ni mapafu yenyewe kuharibika (aliwahi kuugua TB?), damu kuganda, na sababu mchanganyiko kama selimundu. Kundi la 1, mishipa ya mapafu kukakamaa, ndiko viliko visababishi kama kichocho na VVU. Muulize daktari eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inaelekeza kundi gani, maana dawa za kundi la 1 zinaweza kumdhuru wa la 2.