Vitu Huisha Kabla ya Watu

"Ishi kila siku kama ndiyo ya mwisho." Ushauri huu nimeusikia miaka nenda miaka rudi, na bado sijakutana na mtu aliyeufuata wiki nzima akabaki na kazi yake. Siku ya mwisho nani atafua? Nani atampeleka mtoto chanjo, au kukaa foleni kufuatilia hati iliyokosewa herufi? Wanaoutoa wana nia njema, lakini wanakichukua kifo, jambo kubwa kuliko yote, na kukitumia kupimia Jumanne ya kawaida. Mtu akiusikia anashtuka, anawaza sana usiku ule, kesho yake anarudi palepale alipokuwa.

Mimi nilisaidiwa na hesabu ndogo zaidi ya hiyo. Niliipata kwenye masikio ya baba yangu.

Baba yupo, mzima, anatembea mwenyewe, na akianza kubishana hushindi. Ila masikio yameanza kumtupa. Usikivu unaopungua kwa sababu ya umri haupotei wote kwa mpigo. Huanza kwenye sauti nyembamba: s, f na th hutangulia kupotea, huku sauti nzito zikibaki. Ndiyo maana mzee anaweza kukuambia "nakusikia, sikuelewi," na akawa anasema kweli tupu. Sauti inafika, maneno yamefika yakiwa na matundu. Sauti za watoto, kwa kuwa ni nyembamba, huwa ngumu kwake kuliko za wanaume wazima, na kwa baba wajukuu ndio waliotangulia kupotea. Wanaongea, yeye anatabasamu na kuitikia kwa kichwa, na wao wanajua kabisa hajashika kitu.

Iliyofuata ni simu. Simu ya kawaida hukata sehemu kubwa ya sauti za juu, tena haina mdomo wa kuutazama. Tulikuwa na kawaida ya kupigiana jioni, mazungumzo yasiyo na maana yoyote ukiyaandika: waziri kasema nini, nani kaumwa, yule fundi amerudi kumalizia au bado. Yakaanza kufupishwa. Mwishoni yakabaki haya: "Wote wazima? Haya, nashukuru." Kisha anakata, kwa sababu kuniomba nirudie kila sentensi kunamchosha na pengine kunamtia aibu.

Kwa hiyo baba yupo, na maongezi yetu ya simu yamekufa. Hakuna msiba uliotangazwa. Hakuna aliyetuambia tuagane nayo.

Nilipoliona hilo kwa baba nikaanza kuliona kila mahali. Mtoto hukataa kubebwa miaka mingi kabla hajahama nyumbani. Goti hukataa mlima wakati mwenye goti bado ana nguvu za kuishi miongo kadhaa. Rafiki mliyekuwa mkiegemea ukuta mmoja kila jioni anahamia mji mwingine; urafiki upo, simu zipo, ila ule ukuta ndiyo basi tena. Sisi tunahesabu muda kwa urefu wa maisha ya watu, na kwa hesabu hiyo karibu kila kitu kinaonekana bado kipo kingi. Vitu vyenyewe havitusubiri mpaka tufe. Vinaondoka kimoja kimoja, kila kimoja kwa ratiba yake.

Tuchukue tarakimu. Miaka 80 ni siku 29,200 na ushei. Namba hiyo haijawahi kumtikisa mtu ninayemjua, kwa sababu ni kubwa mno na akili inaisoma kama "nyingi". Sasa hesabu kitu kimoja. Tuseme mtoto anapenda kusimuliwa hadithi kabla ya kulala kuanzia miaka 3 mpaka 8. Hiyo ni miaka 5, usiku kama 1,800. Toa siku ulizochelewa kurudi, siku alizolala mapema, siku alizougua, siku ulizosafiri, siku mlizokasirikiana. Ukibaki na nusu umebahatika. Na kama huyo mtoto leo ana miaka 6, zaidi ya nusu ya hizo zimekwisha kupita. Hapo mtu anainua kichwa. Ni hesabu ileile ya muda mfupi, ila hii ina jina na ina mlango wa chumba.

Jambo hili limewahi kujaribiwa kwa namna ya kuvutia. Mwaka 2008 mwanasaikolojia wa Marekani, Jaime Kurtz, alichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu waliokaribia kuhitimu. Kwa wiki mbili waliandika kuhusu maisha yao ya chuo. Wote walikuwa wamebakiza muda uleule, lakini wengine walielekezwa kuuona kuwa ni mfupi sana, wengine kuuona kuwa bado upo wa kutosha. Waliouona mfupi ndio walioishia na furaha zaidi, na ndio waliojitokeza zaidi kwenye mambo ya chuo. Ninachokipenda ni kwamba hakuna aliyewaambia watakufa. Waliambiwa tu kwamba kitu hiki kimoja kinaisha.

Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake nao wameonyesha kwa miaka mingi kwamba mtu anayeona muda umebaki kidogo huelekea kuchagua watu wake wa karibu kuliko wageni. Tulizoea kudhani hiyo ni tabia ya uzee. Kumbe kijana akiambiwa ajione yuko karibu kuhamia mbali naye huchagua hivyohivyo, na mzee akiambiwa ajione ameongezewa miaka 20 ya kuishi, chaguo lake linafanana na la kijana. Umri peke yake hauelezi jambo hili. Kinachoamua ni mtu anavyouona muda uliobaki.

Basi nifanyeje? Nikuambie ninavyofanya mimi, na uchukue kinachokufaa.

Kwanza, sijaribu kufaidi kila kitu. Kuna maandiko mengi yanayokutaka uonje kila tone la maji na usikilize kila ndege, na mimi nikiyasoma nachoka kabla sijaanza. Foleni ya benki haihitaji kufaidiwa, inahitaji kwisha. Kikao kirefu cha kazini vilevile. Ninachofanya ni kujiuliza, kila baada ya muda, ni kitu gani kati ya ninavyovifanya wiki hii ambacho mlango wake unaanza kufungwa. Mara nyingi jibu ni moja, mara chache ni mawili. Hicho ndicho ninakipa nafasi. Vingine nafanya kama kawaida, hata kwa haraka, hata kwa kununa.

Kwa upande wangu jibu lilikuwa mazungumzo na baba. Si baba mwenyewe, maana hilo ni kubwa mno na lingenirudisha kwenye hofu ya kifo. Mazungumzo. Nikaacha kutegemea simu nikawa naenda. Nikajifunza kwamba kupiga kelele hakusaidii sana: ukipaza sauti, irabu ndizo zinazonguruma, konsonanti zinabaki zilivyo, na mdomo wako unapinda asiweze kuusoma. Kinachosaidia ni kukaa mkitazamana, mwanga ukiwa usoni pako wewe na si mgongoni, redio imezimwa, na kusema taratibu kwa sauti ya kawaida. Akikosa sentensi, usiirudie vilevile mara tatu, ibadilishe maneno. Siku moja nilianza kumsimulia jambo akaninyanyulia kiganja: "Ngoja kwanza nivae miwani nikusikie." Mdogo wangu alicheka mpaka akatoka nje, lakini mzee alikuwa sahihi kabisa. Anasikia kwa macho.

Kuongea naye kwa namna hiyo kumenifundisha kitu ambacho sikukitarajia. Huwezi kufanya jambo jingine wakati huohuo. Kwenye simu niliweza kuongea naye huku napanga makaratasi. Sasa nikigeuza uso kidogo tu, maongezi yamekatika. Ulemavu wake umenilazimisha nitulie. Mwaka 2010 wanasaikolojia Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kupitia simu zao, wakati wowote wakiwa macho, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu nusu ya nyakati hizo, asilimia 46.9, akili ilikuwa mahali pengine. Na kwa ujumla akili ilipokuwa imetoka, furaha ilipungua. Hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwazidi furaha waliokuwa wametulia kwenye walichokuwa wakifanya. Mimi sina ubavu wa kuifunga akili yangu kamba. Ninachoweza ni kuinyima pa kukimbilia: simu inabaki chumba kingine, mikono haina kazi, na mtu yuko mbele yangu ananitazama mdomoni.

Picha je? Swali hili huulizwa sana, kwa kuwa tukigundua kitu kinaisha, mkono unaenda kwenye kamera wenyewe. Sipingi picha. Ila mwanasaikolojia Linda Henkel alipima jambo hili kwenye makumbusho ya sanaa na kuchapisha mwaka 2014: waliopiga picha ya kitu kizima walikumbuka maelezo yake machache kuliko waliokitazama tu, kana kwamba wameikabidhi kamera kazi ya kukumbuka. Waliotumia kamera kuvuta kwa karibu sehemu moja tu ya kitu hawakupata hasara hiyo. Tangu nilisome hilo, nikipiga picha napiga moja, ya karibu: kidole gumba cha baba kikizungusha kitufe cha redio yake, kitufe kilichosuguka mpaka namba zimefutika. Picha za familia nzima imesimama mstari tunazo za kutosha, na hakuna anayezitazama.

Kuna hatari moja katika hesabu hizi, nayo ni kugeuka mlinzi wa saa. Unakaa na mtu huku moyoni unamlilia mapema, na yeye anaona. Baba alishaniuliza, "Mbona unaniangalia hivyo, mimi naumwa?" Tangu hapo nimekubali kwamba siku nyingine tutakaa pamoja na nitachoka, tutabishana kuhusu jambo tulilobishana mwaka jana, nami nitaondoka nikiwa na hasira. Hizo nazo zimo kwenye hesabu. Kufaidi muda wenu si lazima kila mara kuwe na furaha. Inatosha kwamba mlikuwapo wote wawili.

Na kuna wasomaji watakaosema, hayo ni ya wenye nafasi. Anayefanya kazi zamu mbili akiambiwa apunguze mwendo ana haki ya kukasirika; mwendo hauko mikononi mwake. Ndiyo maana sipendi kumshauri mtu atafute muda zaidi. Usiku wa deni haukawii kucha, na kwa mwenye kodi ya nyumba kila usiku ni wa deni. Lakini hata siku iliyobanwa ina dakika ambazo tayari unazitumia: kumvisha mtoto viatu, kutembea na mwenzio mpaka kituoni. Kwa hizo huhitaji kuongezewa dakika yoyote, unahitaji kujua tu ni ipi kati yake haitakuwapo mwakani. Mimi kwenye zangu nililazimika kupunguza kitu, nikajitoa kwenye magrupu matatu ya WhatsApp. Moja wakaniuliza kwa nini. Mengine mawili sidhani kama wameona.

Nimalizie na jambo la vitendo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Kabla hujakubali kwamba kitu kimekwisha, hakikisha kwanza hakitibiki. Sisi tulishayazika yale maongezi ya simu tukidhani ni uzee na hakuna la kufanya, mpaka tulipompeleka kupimwa. Sikio moja lilikuwa limezibwa na nta, jambo la kawaida kabisa kwa wazee, na likasafishwa siku hiyohiyo. Ikatokea kwamba sikio tuliloliita bovu ndilo lenye nafuu, na kwamba muda wote huo nilikuwa nimekaa upande usio wake. La pili, ambalo kweli limechoka, alipewa kifaa cha kusikilizia. Kifaa kizuri tu, lakini analalamika kwamba kinafanya vijiko vipige kelele, na muda mwingi kinashinda kwenye mfuko wa shati. Anakivaa saa ya taarifa ya habari. Kwangu mimi anasema miwani inatosha.